Kompyuta Ikitekwa: Cha Kufanya Kabla Hujalipa Kikombozi

Faili iliyokuwa ikiitwa mishahara.xlsx leo imeota mkia usioujua: mishahara.xlsx.djvu. Ukiibofya haifunguki. Picha za harusi zina mkia uleule, na risiti za ada za watoto pia. Ndani ya kila folda kumewekwa barua fupi ya Kiingereza yenye jina _readme.txt. Inasema data zako zimefungwa, ukizitaka ulipe dola 980, na ukiwahi kuwasiliana nao ndani ya saa 72 utapunguziwa hadi dola 490. Barua ya aina hii huachwa na kirusi kinachoitwa STOP au Djvu, ambacho kwa miaka kadhaa kimewaandama zaidi watu wa kawaida wenye kompyuta za nyumbani na ofisi ndogo.

Huu ni utekaji. Kilichotekwa ni kazi yako, na fedha anazodai mtekaji ili aiachie ndizo kikombozi. Vyombo vingine vya habari huandika "fidia". Hapa nitaita programu hizi virusi vya kikombozi, na nitakueleza ufanye nini tangu dakika ya kwanza, kwa sababu mengi yanayoharibika huharibika baada ya shambulio, pale mwenye kompyuta anapopapatika.

Kwanza ujue kilichotokea. Kirusi kikishaingia huchukua faili moja moja na kuyavuruga yaliyomo kwa hesabu ngumu, kazi ambayo wataalamu huiita usimbaji. Faili haijafutwa. Ipo palepale kwenye diski, ila imepigwa kufuli, na ufunguo anao mtekaji. Ndiyo maana watu wengi husafisha kompyuta kwa antivirasi, kirusi kikaondoka kweli, kisha wakashangaa kuona faili bado hazifunguki. Antivirasi humtoa mwizi ndani ya nyumba, lakini kufuli aliloliacha haiwezi kulifungua.

Sasa tuje kwenye dakika za mwanzo. Chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, maana kirusi kinaweza kuhamia kompyuta nyingine za ofisi hiyohiyo. Chomoa flashi na diski yoyote ya nje iliyochomekwa. Usichomeke diski yako ya akiba ili "kuangalia kama iko salama", kwa kuwa itafungwa nayo. Usiiwashe upya kompyuta kama umeweza kuitenga na mtandao. Kuna sababu ya kusema hivi: mwaka 2017, kirusi cha WannaCry kilipoenea, wataalamu wa Ufaransa walitengeneza programu zilizoweza kuokota mabaki ya ufunguo kwenye kumbukumbu ya muda ya baadhi ya kompyuta za Windows za zamani, na zilifanikiwa tu pale ambapo kompyuta haikuwa imezimwa. Ila ukiona faili zinaendelea kubadilika majina mbele ya macho yako na huna namna ya kukizuia, zima kabisa. Bora upoteze mabaki ya ufunguo kuliko kupoteza nusu iliyobaki.

Kisha piga picha ya ile barua kwa simu yako. Andika saa uliyogundua, nani alikuwa anatumia kompyuta, na alifungua nini kabla ya hapo. Mkumbushe mfanyakazi wako kwamba unauliza ili usaidike, si ili umkate mshahara. Akiogopa ataficha, na ukweli huo ndio utakaohitajika na kila atakayekusaidia.

Hapa ndipo fundi anapoingia, nami nakusihi umsimamishe kidogo. Desturi ya mafundi wetu wengi, kompyuta ikiletwa na kirusi, ni kuipiga window, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kwa virusi vya kawaida hilo linatosha. Kwa kirusi cha kikombozi linaua tumaini. Mwambie kwanza azinakili faili zote zilizofungwa, pamoja na ile barua ya mtekaji, kwenye diski nyingine ambayo mtaiweka kando. Akishamaliza hilo, apige window. Faili zilizofungwa leo zinaweza kufunguka mwakani: Mei 2016 waliotengeneza kirusi cha TeslaCrypt waliacha kazi yao na kuutoa hadharani ufunguo mkuu, na kila aliyekuwa amezitunza faili zake alizipata bila kulipa. Aliyekuwa amezifuta alibaki mikono mitupu.

Ufunguo wa bure unautafuta wapi? Pa kuanzia ni tovuti ya No More Ransom, nomoreransom.org. Ilianzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya la Europol, na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Tumia kompyuta nyingine iliyo salama, hata ya stesheneri ya jirani. Tovuti itakuomba upandishe faili mbili zilizofungwa, kila moja isizidi megabaiti moja, pamoja na ile barua au anwani iliyoandikwa ndani yake. Itazitambua na kukuambia ni kirusi gani, na kama ufunguo wake umeshapatikana itakupa programu ya kufungulia. Hulipi hata senti. Usipandishe faili yenye siri za watu, kama rekodi za wagonjwa au orodha ya wakopaji wa SACCOS. Chagua picha au tangazo lisilo na uzito. Djvu tuliyoanza nayo ina programu ya bure iliyotolewa na kampuni ya Emsisoft mwaka 2019. Hufungua matoleo mengi ya zamani na machache ya baadaye, kwa hiyo jaribu, ila usikate tamaa ikigoma. Iweke ile diski kando na urudi kutazama baada ya miezi kadhaa.

Unapotafuta, jihadhari na watu wanaojitangaza mitandaoni kuwa wanafungua kila kirusi. Mwaka 2019 waandishi wa ProPublica wa Marekani walionyesha kwamba kulikuwa na kampuni zilizodai kutumia ujuzi wao wenyewe, kumbe zilikuwa zinamlipa mtekaji kimyakimya kisha zinamtoza mteja zaidi. Mtu akikuahidi kufungua, mpe faili mbili azifungue kwanza. Kubaliana bei ya kazi nzima kabla hajaanza, na ulipe ukishaona faili zako.

Je, ulipe kikombozi? Polisi karibu kila nchi wanashauri usilipe, na mimi nakubaliana nao, ingawa najua ni rahisi kuandika hivyo kuliko kusema mbele ya mtu ambaye kitabu chote cha mahesabu ya miaka kumi kimefungwa. Tazama tu yaliyowapata waliolipa. WannaCry ilidai dola 300, ikapandisha hadi 600 baada ya siku tatu, lakini waathirika wote walielekezwa kwenye anwani chache zilezile za bitcoin, yaani sarafu ya mtandaoni, hivyo mtekaji hakuwa na njia nzuri ya kujua nani amelipa. NotPetya, kirusi cha Juni 2017, kiliwataka watu waandike kwa anwani moja ya baruapepe. Kampuni iliyokuwa inaihudumia anwani hiyo iliifunga siku ileile, na fedha zilizotumwa baada ya hapo zilikwenda bure. Mwaka 2021 kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani ililipa bitcoin 75, karibu dola milioni 4.4. Ufunguo ilipewa, lakini ulifanya kazi polepole mno hata ikalazimika kurudi kwenye nakala zake yenyewe. Hata ukifunguliwa, huna uhakika kama nakala ya data zako haijabaki mikononi mwao, wala kama hawatarudi wakijua wewe ni mlipaji.

Toa taarifa, hata kama unadhani hakuna kitakachofanyika. Tanzania nenda kituo cha polisi, simulia, na uombe namba ya RB. Kenya utapewa namba ya OB. Namba hiyo utaihitaji ukidaiwa maelezo na mwajiri, benki, bima au mamlaka ya kodi kuhusu kumbukumbu zilizopotea. Vilevile waarifu wataalamu wa matukio ya mtandao: Tanzania ni TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, na Kenya ni KE-CIRT iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Wote wanapokea taarifa kupitia tovuti zao. Sheria zipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 upande wa Tanzania, na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta. Kama kompyuta iliyotekwa ilikuwa na taarifa za watu wengine, una jukumu la ziada. Kenya, mwenye kutunza taarifa hizo hupewa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data pale watu wanapoweza kudhurika. Tanzania, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo ya kuarifiwa. Zahanati, shule na SACCOS, hili linawahusu ninyi moja kwa moja.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote: nakala ya akiba, watu wa kompyuta huiita bekapu. NotPetya ilipoishambulia Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake yanaonekana kila siku Mombasa na Dar es Salaam, ilifuta kwa dakika chache karibu kompyuta kuu zote zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao za kuingia kwenye mtandao wa kampuni. Kompyuta hizo zilikuwa kama 150 duniani kote, na zilikuwa zimepangwa kunakiliana, kwa hiyo moja ikiharibika nyingine ingeziba pengo. Hakuna aliyewaza kwamba zote zingeharibika kwa pamoja. Wakatafuta kila bara mpaka wakaipata moja nzima, nchini Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio, kompyuta ikawa imezimika, kirusi kikaikosa. Mtandao wa ofisi ile ulikuwa mdogo mno kutuma data zote hadi Uingereza, kulikoendeshwa kazi ya kurejesha mtandao, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya huko, ndipo mmoja akasafiri na diski hadi uwanja wa ndege nchini Nigeria, akamkabidhi mwenzake aliyepanda ndege kwenda London. Kampuni yenye makumi ya maelfu ya kompyuta ilisimama tena kwa data za kompyuta moja ambayo haikuwa imewashwa wakati wa shambulio.

Wewe huhitaji kusubiri umeme ukatike. Nunua diski ya nje inayotosha faili zako. Ndiyo gharama pekee ya maana katika makala haya yote, na ukilinganisha na dola 490 ni ndogo. Chagua siku moja ya wiki, sema Ijumaa jioni. Chomeka, nakili, chomoa, uifungie kabatini. Kazi yote inategemea kule kuchomoa, kwa kuwa diski inayokaa imechomekwa mwezi mzima itafungwa pamoja na kompyuta. Kwa ofisi, nunua mbili na uzipishanishe, moja ikae nyumbani kwa kiongozi, maana kuna moto na wezi pia. Kila baada ya muda fungua faili kadhaa kutoka kwenye diski hiyo ukitumia kompyuta nyingine, uhakikishe zinafunguka. Nakala uliyoiweka Google Drive ni nzuri, lakini kama folda yake inajilinganisha yenyewe na kompyuta, faili zilizofungwa zitapanda huko zikichukua nafasi ya nzima. Ingia haraka kupitia simu, kwa kuwa toleo la awali la faili huwa linabaki kwa siku kadhaa na unaweza kulirudisha.

Virusi hivi huingia kwa njia chache tu. Djvu hupenda kujificha ndani ya programu za kulipia zinazogawiwa bure, pamoja na vile vijiprogramu vya kuamshia Windows au Office bila leseni. Najua bei ya leseni inauma. LibreOffice ni ya bure kihalali na inaandika barua na mahesabu vizuri tu. Njia nyingine ni kiambatisho cha baruapepe kinachojifanya ankara au wasifu wa mwombaji kazi. Mpigie simu aliyetuma kabla ya kukifungua. Ofisini kuna pia ile huduma ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Kama haitumiki, mwambie fundi aifunge. Masasisho nayo usiyaahirishe: Microsoft ilitoa dawa ya tundu lililotumiwa na WannaCry Machi 2017, miezi miwili kabla ya shambulio, na bado kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliambukizwa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama ndiyo unayoitumia, muulize fundi kama kompyuta yako inaweza kubeba Windows 11.

Ipo pia barua ya uongo inayofanana na haya. Unaandikiwa kwamba umerekodiwa kwa kamera ya kompyuta yako, utume bitcoin la sivyo video itasambazwa, na ili uamini wanakutajia neno lako la siri la zamani. Fungua faili zako. Zikifunguka kama kawaida, hakuna kilichotekwa. Neno hilo lilivuja kutoka kwenye tovuti fulani uliyowahi kujiandikisha, na barua ileile imetumwa kwa maelfu ya watu. Usijibu. Libadilishe neno hilo popote unapolitumia bado, kisha uifute barua.