Dondoo muhimu: Kuitunza Ducati 916

Ducati 916, iliyochorwa na Massimo Tamburini, iliingia sokoni mwaka 1994 kutoka Bologna. Injini yake ina silinda mbili zilizopangwa kwa pembe ya nyuzi 90, kila moja na vali nne. Mwaka huohuo Carl Fogarty alitwaa nayo ubingwa wa dunia wa Superbike.

Anayenunua ya mtumba aulizie kwanza mikanda ya taimingi. Ni ya mpira, na huchoka hata pikipiki ikilala gereji. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 20,000 au miaka 2, kinachotangulia kufika. Mmoja ukikatika, vali hugongana na pistoni, na gharama yake ni kubwa mno kulinganisha na bei ya mkanda. Hapa pasibanwe matumizi hata kidogo.

Vali zenyewe hazitegemei springi kujifunga kama za pikipiki nyingi. Roka moja hufungua, nyingine hufunga. Kila vali basi ina nafasi mbili za kupima kwa geji, na kazi hiyo apewe fundi aliyekwisha kuizoea.

Klachi ni kavu, haiogi oili, ndiyo maana hugongagonga pikipiki ikisimama kwenye taa. Kelele hiyo ni ya kawaida. Ikianza kushtuka wakati wa kuondoka, kifuniko kifunguliwe: kingo za kikapu zilizochimbwa na sahani za klachi huonekana kwa macho.

Cheni isikazwe ikabaki bila mlegeo, maana huumiza beringi.