Darsa Fupi, Ramadhani 21: Rahisi Ghali



Kumi la mwisho ndo limeingia, na Darajani hapapitiki. Kila duka linaita: bei imeshuka!

Nikupe kisa changu. Mwaka jana nilitoka na pesa ya futari ya wiki nzima. Nikakuta katoni za tambi zimepunguzwa bei, nikabeba mbili. Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, tambi tele, makaa je?" Nikanyamaza. Jioni ile nikaenda kukopa.

Tupige hesabu. Kitu cha 15,000 kikiuzwa 12,000, na unakihitaji, umeokoa 3,000. Kama hukihitaji, umepoteza 12,000.

Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu wanaotoa bila ya israfu wala ubakhili. Hapo katikati ndo pazito.

Leo fanya haya:

1. Tenga kwanza kodi, deni na Zakatul-fitri: pishi moja ya chakula kwa kila unayemlisha.
2. Andika orodha kabla hujatoka. Usiende sokoni saa kumi na moja jioni. Macho ya njaa hununua kila kitu.
3. Gunia la mchele huwa nafuu kwa kilo, lakini usijibane peke yako. Changeni majirani, mgawane.

Na nguo za Sikukuu? Sunna ni kuvaa iliyo nzuri katika ulizonazo. Ya mwaka jana ifue, ipige pasi, mvishe mwanao kwa furaha. Kukopa si sunna.

Allah atubarikie kidogo chetu. Aamin.