Njia Isikatike Darajani: Basi, Baiskeli na Waenda kwa Miguu kwenye Madaraja ya Arusha

Kijitabu cha elimu kwa umma

Mji unaovuka mito kila siku

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566. Mji wa Arusha uko miguuni pake, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya mvua inayonyesha huko juu yanateremka kwa kasi kupita katikati yetu: Themi, Naura, Ngarenaro, Kijenge, Burka, na upande wa Tengeru mto Nduruma. Mito hiyo inatoka kaskazini kwenda kusini. Barabara kuu nayo inaambaa na mlima, mashariki kwenda magharibi, kutoka Usa River na Tengeru hadi Sakina na Ngaramtoni. Ndiyo maana mtu wa Arusha hawezi kwenda kazini, sokoni au hospitali bila kuvuka mto, na mara nyingi huvuka zaidi ya mmoja.

Abiria aliyekaa ndani ya haisi huenda asitambue kwamba amepita darajani, kwa kuwa madaraja yetu mengi ni mafupi. Anayetambua ni mama anayetembea na ndoo kichwani, kijana anayesukuma mkokoteni wa viazi kwenda soko la Kilombero, na mzee anayeshusha maziwa mjini kwa baiskeli akitoka vijiji vya mlimani. Barabarani watu hawa wana bega la barabara, hata kama ni la vumbi. Wakifika darajani bega linaisha. Upande mmoja kuna reli ya chuma na mto chini yake, upande wa pili kuna magari. Wanaingia katikati ya magari kwa sababu hapana pengine pa kupita.

Daraja likishajengwa jembamba, kulipanua ni kazi ngumu kuliko kupanua barabara. Barabara unaweza kuiongezea mita moja ya kifusi na lami kila upande. Daraja linataka nguzo mpya, msingi mpya mtoni na fedha mpya. Kwa hiyo nafasi ya basi, ya baiskeli na ya mwenda kwa miguu inapaswa kupangwa daraja likiwa bado kwenye karatasi.

Nafasi tuliyoipata

Barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, ilipanuliwa kuwa ya njia nne, mbili kwenda na mbili kurudi. Pamoja nayo ikajengwa barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 inayozunguka mji. Kazi hizo ni sehemu ya mradi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuiunganisha Arusha na Holili mpakani, kisha na Taveta na Voi nchini Kenya, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa mkopo.

Wengi husifu njia nne na kuusahau mchepuo. Sisi tunaona mchepuo ndio uliobadilisha mambo zaidi. Lori linalotoka njia ya Namanga kwenda Moshi halina tena sababu ya kupita katikati ya mji. Lori likiondoka, nafasi inabaki, na nafasi hiyo isipogawiwa kwa makusudi itajazwa na magari madogo. Huu ndio wakati wa kuamua nani anapita wapi, mji ukiwa na zaidi ya watu 600,000 kwa sensa ya mwaka 2022 na ukijiandaa kupokea wageni wa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027.

Hesabu ni nyepesi. Chukua watu 60 wanaotaka kuvuka. Wakipanda magari madogo, wawili kwa kila gari, ni magari 30, na kwenye foleni kila gari pamoja na nafasi ya mbele yake huchukua kama mita saba. Hiyo ni foleni ya mita 210. Watu hao hao wakipanda haisi nne, foleni haifiki mita 30. Wakija kwa baiskeli, kelele na moshi havipo kabisa, na njia wanayohitaji ni ya mita mbili.

Walichofanya wengine

Dar es Salaam ilianza mabasi ya mwendokasi Mei 2016, katika awamu ya kwanza ya kilomita 20.9 inayofuata Barabara ya Morogoro kutoka Kimara, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Mabasi yana njia yao katikati ya barabara, na mwaka 2018 jiji hilo lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini kuna somo chungu la Jangwani. Hapo njia inavuka bonde la mto Msimbazi, na kila mto ulipofurika, mabasi yalisimama na maelfu ya abiria wakakwama pande zote mbili. Ukiwa na njia bora kabisa ya basi na daraja likawa dhaifu, huduma inaishia ukingoni mwa mto. Sasa Jangwani linajengwa daraja refu lililoinuliwa, na Arusha, yenye mito ya mlimani inayofura kwa dakika chache, ina sababu ya kulifuatilia kwa karibu.

Madaraja makubwa mapya ya nchi yetu yamekwisha kumkumbuka mwenda kwa miguu. Daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, lililofunguliwa 2016, lina njia sita za magari na njia za miguu pembeni. Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika 2022 sambamba na lile la zamani la Selander, lina njia nne na njia za miguu. Lile la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025 likiwa na sehemu ya watembea kwa miguu. Hatua iliyobaki ni ya baiskeli: mwendesha baiskeli asilazimike kuchagua kati ya kugonga watu kwenye njia ya miguu na kugongwa kwenye njia ya magari.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 mji wa Portland, Marekani, ulifungua daraja la Tilikum juu ya mto Willamette. Linapitisha mabasi, treni za mjini, baiskeli na waenda kwa miguu. Magari binafsi na malori hayaruhusiwi kabisa, ila magari ya dharura hupita. Hatusemi Arusha ifanye hivyo kesho. Tunasema lipo, na watu wanavuka.

Njia ya basi kwenye daraja fupi

Madaraja yetu mengi hayahitaji njia ya basi iliyochorwa kutoka ncha hadi ncha. Daraja la mita 30 gari hulipita kwa sekunde chache. Basi linapoteza muda mdomoni mwa daraja, pale foleni inapobanana kuingia. Kwa hiyo njia ya basi inatakiwa kuanza mbali kabla ya daraja, na mwisho wake kuwe na taa inayoliruhusu basi kuingia kwanza, kisha magari mengine yafuate. Daraja refu, au lenye foleni juu yake kwa muda mrefu, ndilo linalostahili njia kamili ya basi, yenye mstari mweupe usiokatika na maandishi makubwa kwenye lami.

Kituo cha basi kisiwekwe juu ya daraja wala mdomoni pake. Konda, abiria akigonga bati kushuka darajani, mwambie asubiri kituo. Gari linalosimama hapo linafunga njia nzima, na abiria anayeshuka hana pa kukanyaga isipokuwa mbele ya bodaboda.

Pengine basi na baiskeli hupewa njia moja. Hilo linawezekana pale ambapo mabasi ni machache na mwendo ni mdogo. Dereva, ukimkuta mwendesha baiskeli mbele yako kwenye njia hiyo juu ya daraja, baki nyuma yake. Usimpigie honi. Akishtuka, hana pa kukwepea isipokuwa kwenye reli. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa sheria maeneo ya makazi, gari lako linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 30 ni mita nane tu. Katika sekunde moja unayotumia kuona hatari na kugusa breki, tofauti hiyo ya mita sita inaweza kuwa uhai wa mtu. Ukitoka darajani na kuingia kituoni, tazama kioo cha kushoto na ugeuze kichwa pia, kwa sababu usukani uko kulia na baiskeli iliyo ubavuni kushoto ndiyo usiyoiona.

Njia ya baiskeli: mambo madogo yanayoangusha watu

Mita moja na nusu ndiyo nafasi ya chini kwa baiskeli zinazokwenda upande mmoja. Mbili ni bora, na Arusha tuombe mbili, maana baiskeli zetu zinabeba: ndizi kutoka Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, madumu ya maziwa, magunia ya mkaa, mikungu inayochomoza pande zote. Guta la magurudumu matatu nalo lipite bila kukwaruza ukuta.

Rangi peke yake haimlindi mtu. Bodaboda huikanyaga, na haisi iliyochelewa huikanyaga pia. Darajani panahitajika ukingo wa zege kati ya baiskeli na magari, na reli ya upande wa mto iwe juu zaidi ya ile ya kawaida, kwa sababu anayekaa kwenye baiskeli yuko juu kuliko anayetembea na anaweza kuangukia ng'ambo ya reli fupi.

Kisha yapo mambo ambayo mchoraji wa ofisini huyasahau. Mifuniko ya mitaro yenye vyuma vilivyolala sambamba na mwendo wa baiskeli hunasa tairi. Vyuma hivyo vigeuzwe vikate njia. Maungio ya daraja, zile nafasi zinazoachwa ili daraja litanuke kwa joto, yavukwe kwa kunyoosha usukani, hasa wakati wa mvua, kwa kuwa chuma kilicholowa huteleza. Na mchanga! Kila mvua ya masika inateremsha udongo wa volkano wa Meru, na unaotua kwanza ni pembeni mwa barabara, yaani kwenye njia ya baiskeli yenyewe. Njia ikijaa mchanga, mwendesha baiskeli atahamia kwa magari, na watu watasema hana nidhamu. Kufagia njia hiyo baada ya kila mvua kubwa ni sehemu ya usalama barabarani sawa na taa na alama.

Wewe unayeendesha baiskeli, pita upande wako na usije kinyume, hata kama ng'ambo ni karibu zaidi. Usiku weka taa mbele na nyuma. Ukimkuta mtoto au mzee kwenye njia ya miguu, hiyo ni yake, na ukilazimika kuitumia, shuka ukokote baiskeli. Bodaboda, kifupi: njia ya baiskeli haikuhusu, hata ukiwa umezima injini.

Mto ukifurika

Aprili 2024, masika yakiwa yamechachamaa, gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo hapa Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Tunaliandika kwa majonzi, na kwa sababu linaweza kutokea tena. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuelesha gari dogo. Sentimita 60 husomba magari mengi. Maji yakipanda juu ya daraja au kalavati, simama. Usifuate gari lililopita kabla yako, kwani maji yameongezeka tangu lipite, na hujui kama chini yake daraja bado lipo. Anga linaweza kuwa jeupe mjini huku mlimani kunanyesha.

Nani anahusika, na umwambie nini

Barabara kuu na za mkoa, pamoja na madaraja yake, ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Njia za daladala hupangwa na LATRA. Alama zikivunjwa ni kazi ya askari wa usalama barabarani. Mradi mkubwa wa daraja hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wananchi wa eneo husika wana haki ya kutoa maoni.

Mkutano wa kutoa maoni hayo ukiitishwa mtaani kwenu, hudhuria, na umtume pia kijana anayeendesha baiskeli. Ulizeni upana wa njia ya miguu kwa mita. Ulizeni baiskeli itapita wapi, na njia hiyo inaanzia wapi kabla ya daraja na kuishia wapi baada yake. Ulizeni kituo cha karibu kitakuwa umbali gani, kiti cha magurudumu kitapandaje, taa zitawaka kwa umeme gani, na nani atafagia mchanga.

Kwa daraja lililopo lenye reli iliyovunjika au mfuniko wa mtaro ulioibiwa, andika jina la mto, upande wa daraja, tarehe na saa, na ukiweza piga picha mchana. Peleka kwa mtendaji wa mtaa au kata, na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mtaa mzima ukitia saini, ni bora zaidi. Wakati mnasubiri, fungeni kamba yenye kitambaa cheupe pale palipovunjika, ionekane na anayepita usiku.