Peugeot kuukuu: nitajuaje kama ni mali?

SWALI: Fundi, hapa Lukozi nimeonyeshwa baiskeli ya mbio ya zamani, Peugeot ya chuma. Muuzaji anadai inazishinda mpya. Nimwamini?

JIBU: Rangi isikudanganye, maana kupaka rangi ni rahisi. Tazama kwanza kibandiko kwenye fremu. Kikisomeka Reynolds 531, hicho ni chuma cha Uingereza chenye manganizi na molibdeni, kilichoanza kuuzwa mwaka 1935. Mabomba yake ni manene miishoni, penye viungio, na membamba katikati. Ndiyo maana fremu ni nyepesi lakini haivunjiki ovyo.

Kibandiko kimebanduka? Chomoa bomba linaloshika kiti, ulipime. Bomba la fremu kwa nje karibu halibadiliki, hivyo la ndani likiwa pana, ukuta wa fremu ni mwembamba. Kwa Peugeot, milimita 26.4 ni dalili ya daraja la juu. 24 ni chuma cha kawaida tu, hata muuzaji akiapa.

Tahadhari mbili. Peugeot nyingi za kabla ya miaka ya 1980 zina hesi za Kifaransa, na vipuri vya Raleigh haviingii, fundi asilazimishe. Pili, rimu za chuma zenye kromu zikilowa hazishiki breki, na kwa mvua zenu na mteremko wa kwenda Lushoto, hilo ni balaa. Dai za aluminiamu.

Ukikuta 24 na rimu za chuma, usimpe zaidi ya bei ya Phoenix iliyotumika.