Kabla ya Kuvaa Aproni: Jua Haki Zako Mkahawani

Kwa kijana wa Ruiru, ajira ya kwanza mara nyingi hupatikana kando ya Barabara Kuu ya Thika, katika mikahawa yenye matawi mengi: ya kuku, piza au kahawa. Somo hili linaeleza faida za kazi hiyo, ugumu wake na sheria inayomlinda mfanyakazi.

Kazi ilivyo

Java House ilianza Nairobi mwaka 1999, na KFC ikaingia Kenya mwaka 2011. Katika mikahawa ya aina hii, kila tawi hufuata utaratibu mmoja. Mapema mwaka 2022 KFC iliishiwa na vibanzi kwa sababu viazi kutoka nje vilichelewa, ilhali wakulima wetu walikuwa na viazi tele. Wauzaji wa hapa walikuwa bado hawajaidhinishwa.

Mfanyakazi naye hufunzwa utaratibu huo: usafi wa chakula, kupokea pesa, kuhesabu bidhaa na kuzungumza na mteja mwenye hasira. Ujuzi huu humfaa hata akifungua kibanda chake Kimbo au Kamakis.

Ugumu nao upo. Ni kusimama saa nyingi, mafuta moto, zamu za wikendi na sikukuu, na kutoka usiku wakati nauli imepanda. Kwa hiyo, siku ya mahojiano uliza zamu ya mwisho huisha saa ngapi na kama kuna usafiri.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi:

- Mkataba wa maandishi, ikiwa kazi ni ya miezi 3 au zaidi.
- Angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7.
- Likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kamili, baada ya kila miezi 12.
- Hati ya mshahara inayoonyesha kila makato.
- Cheti cha utumishi anapoondoka.

Muda wa majaribio hauzidi miezi 6, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe akubali kuongezewa.

Mfano: pesa zimepungua kaunta

Tuseme zamu imefungwa na pesa zimepungua kwa shilingi 1,200. Wafanyakazi 6 wanaambiwa kila mmoja atakatwa 200. Je, ni halali?

Sheria inaruhusu makato ya upungufu wa pesa pale uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi husika ndio uliouleta, na mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa pesa. Mpishi aliyekuwa jikoni hahusiki. Vivyo hivyo, kifaa kikiharibika, makato huruhusiwa ikiwa mfanyakazi alikosa kwa makusudi. Glasi iliyoteleza kwa bahati mbaya si kosa la makusudi.

Ndiyo maana ni muhimu kuhesabu pesa unapoingia na unapotoka, mbele ya msimamizi, na nyote mtie sahihi.

Wajibu wako

Kila anayeshika chakula cha umma anatakiwa kuwa na cheti cha afya, ambacho hufanyiwa upya kila miezi 6. Ukaguzi wa mikahawa ni jukumu la maafisa wa afya ya umma wa kaunti. Ukiharisha, mjulishe msimamizi na usishike chakula.

Ukidhulumiwa

Anza kwa kumwandikia meneja na ubaki na nakala. Usiposikizwa, nenda kwa afisa wa leba wa serikali ya kitaifa au chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA. Beba mkataba, hati za mshahara na ratiba za zamu, kwa maana mambo ya mdomo ni magumu kuthibitisha.

Jipime

1. Je, una nakala ya mkataba wako nyumbani?
2. Unaweza kueleza kila makato kwenye mshahara wa mwezi uliopita?
3. Cheti chako cha afya kinaisha lini?

Ikiwa huna jibu kwa swali lolote, lishughulikie wiki hii kabla tatizo halijatokea.