Elimu ya Afya: Ulinganisho wa Tiba za Chawa Sugu wa Kichwani

Mzazi humpaka mtoto dawa ya chawa kwa kufuata maelekezo, lakini baada ya siku chache chawa huonekana tena. Huenda dawa haikurudiwa kwa wakati, mtoto ameambukizwa upya, au chawa wamejenga usugu. Chawa wakiendelea kutembea kwa wepesi saa 8 hadi 12 baada ya tiba, usugu unapaswa kushukiwa. Kuongeza kipimo cha dawa hiyohiyo hakufai. Kinachohitajika ni kubadili njia.

Permethrini ya asilimia 1. Hushambulia mishipa ya fahamu ya chawa. Katika nchi nyingi chawa wamebadilika kimaumbile, nayo imepungua nguvu. Kwa kuwa haiui mayai, hurudiwa siku ya 9 hivi, mayai yaliyosalia yakiwa yameanguliwa.

Malathioni. Huua chawa na baadhi ya mayai, lakini hushika moto kwa urahisi, na usugu dhidi yake umekwisha kuonekana. Katika utafiti mdogo wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2007, iliponya takriban asilimia 33 ya wagonjwa, ilhali dimetikoni iliponya asilimia 70.

Dimetikoni. Haitegemei sumu, humfunika chawa na kumziba. Kwa sababu hiyo, si rahisi chawa kuizoea.

Ivermektini ya kumeza. Ni dawa ileile inayofahamika katika kingatiba ya matende na usubi. Utafiti wa mwaka 2010 katika nchi nne ulihusisha watu 812 ambao chawa wao walikwisha kushinda dawa za kupaka. Siku ya 15, asilimia 95 ya waliotumia ivermektini hawakuwa na chawa, ikilinganishwa na asilimia 85 ya waliotumia malathioni. Hata hivyo, haipewi mjamzito wala mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15, na hutolewa kwa agizo la daktari pekee.

Chanuo la meno membamba. Nywele hulowanishwa, hulainishwa, kisha huchanwa kila baada ya siku 3 hadi 4 kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Huhitaji subira, lakini hakuna chawa awezaye kulijengea usugu. Kunyoa kabisa nako huwaondolea mahali pa kutagia.

Mafuta ya taa, petroli na dawa za kuulia wadudu wa shambani au wa nyumbani zisitumike kichwani kamwe. Huunguza ngozi, huweza kulipuka karibu na moto, na sumu yake humdhuru mtoto kuliko chawa mwenyewe.

Wanakaya wote wakaguliwe siku moja, na wenye chawa watibiwe pamoja. Chawa haruki wala hapai. Huhama kichwa kinapogusana na kichwa, wala si dalili ya uchafu. Mtoto hastahili kuchekwa wala kukosa masomo kwa ajili yake. Tiba ikishindwa mara mbili, mgonjwa apelekwe zahanati, pamoja na pakiti ya dawa aliyokwisha kutumia.