Kwa nini nguvu ya Jumapili haifiki Jumatano?

SWALI: Mchungaji, naimba kwaya na sikosi ibada wala mkesha. Jumapili narudi nyumbani moyo umefurika, lakini ikifika Jumatano nimeishiwa kabisa. Je, imani yangu ni haba?

JIBU: Mpendwa, kuchoka si kukosa imani. Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya alikuwa ametoka kushinda pale mlimani Karmeli, moto ulishuka na watu wote waliona. Muda si mrefu baadaye yuko chini ya mti wa mretemu jangwani, anaomba afe.

Tazama Mungu alivyomtendea. Hakumkaripia. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa: kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala. Kwa chakula hicho alitembea siku 40 hadi mlima Horebu. Huko Bwana akazungumza naye kwa sauti ndogo, akampa kazi na mwenzake, Elisha.

Wewe unategemea moto wa Karmeli, nao hauwaki kila siku. Kinachodumu ni mkate wa kila siku: sura moja ya Injili kabla hujashika simu, sala fupi ya kweli, usingizi wa kutosha, na ndugu mmoja wa kuomba naye katikati ya juma. Kristo mwenyewe ndiye mkate huo. Usimngoje hadi Jumapili. Kesho alfajiri mwendee, ule, ushibe.